Kupunguza mwili kwa kula wanga kidogo: maswali ninayoulizwa kila siku hapa Kisumu

Mimi ni fundi wa nguo karibu na soko la Kibuye. Kazi yangu ni kupima viuno vya watu, lakini kwa miaka mingi changu sikukigusa. Siku nilipokipima, tepu ilisoma inchi 44, na mizani ya zahanati ikasema kilo 98. Miezi 16 baadaye nilikuwa kilo 79 na kiuno inchi 36. Tangu hapo wateja wanaokuja kubaniwa au kuongezewa nguo wananiuliza mambo yale yale. Wenzangu wa kutembea asubuhi nao wanauliza, na dada zangu walioolewa Nakuru na Kakamega wananipigia simu usiku. Nimeyaweka majibu hapa. Sijasomea udaktari, kwa hiyo palipo na jambo la daktari nimesema uende kwa daktari, na hapo sina mzaha.

Wanga ni nini, na "kidogo" ni kiasi gani?

Wanga ni kile chakula kinachogeuka sukari mwilini: ugali, wali, chapati, mkate, mandazi, uji, viazi, nduma, mihogo, ndizi za kupika, na sukari yenyewe iliyo kwenye chai na soda. Mtu anayekula wanga chini ya gramu 130 kwa siku huhesabiwa kuwa anakula wanga kidogo. Keto ni kali zaidi, huwa chini ya gramu 50. Mimi sijawahi kufuata keto na sikuambii uifuate.

Gramu hazina maana mpaka uzione kwenye sahani. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina wanga kama gramu 75. Nilipoanza niliazima mizani ndogo ya jirani anayeoka keki, nikakipima kipande cha ugali nilichozoea kujikatia jioni. Kilikuwa gramu 450. Hata ukiondoa maji yaliyomo, pale pana wanga zaidi ya gramu 100, kwa mlo mmoja tu, na asubuhi nilikuwa nimekunywa chai na mkate. Soda ya nusu lita pekee ina sukari inayopita gramu 50. Nilikaa nikiitazama ile mizani kwa muda mrefu.

Je, inafanya kazi kweli, au ni mtindo wa kupita?

Si jambo jipya. Mwaka 1863 William Banting, mtu wa London aliyekuwa na kazi ya kuandaa mazishi, alieleza hadharani jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi.

Inafanya kazi, lakini haina uchawi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatwa kwa miezi 12. Nusu yao walipunguza mafuta kwenye chakula, nusu wakapunguza wanga. Pande zote mbili walipungua, wa mafuta wastani wa kilo 5.3 na wa wanga kilo 6, tofauti ndogo isiyokuwa na uzito wa kitaalamu. Ndani ya kila kundi wako waliopungua sana na wako walionenepa. Kwa hiyo anayekuambia hii ndiyo njia pekee anakudanganya.

Mimi niliichagua kwa sababu mbili. Kwanza, kwetu kuna kisukari: mama yangu anacho, na nyanya yangu alikuwa nacho. Pili, nikila samaki, mayai na mboga nashiba mpaka saa nane bila kuwaza chakula, lakini nikila mkate na chai ya sukari, saa nne mkono uko kwenye mandazi. Protini hushibisha kwa muda mrefu, na mtu aliyeshiba hula kidogo bila kujilazimisha. Ikiwa wewe unashiba kwa namna nyingine, fuata ile unayoweza kuishi nayo.

Ni lazima niache ugali?

Hapana, na ninakusihi usianzie hapo. Nimeona wanawake wengi wakiapa hawatagusa ugali tena. Wanavumilia siku tisa, siku kumi na mbili, halafu jioni moja wanaula wakiwa wamesimama jikoni, moja kwa moja kutoka kwenye sufuria. Huku kwetu mtu aliyekula wali, nyama na chapati bado anaweza kukuambia hajala, kwa kuwa kuon, yaani ugali kwa Kijaluo, haijapita mdomoni. Kitu cha namna hiyo hakiondoki kwa kiapo.

Nilichofanya ni kuushusha cheo. Zamani ugali ulikaa katikati ya sahani, mboga ikawekwa pembeni kama pambo. Sasa mboga inachukua nusu ya sahani, samaki au kuku anatosha kiganja changu pamoja na vidole, na ugali ni ukubwa wa ngumi yangu. Ugali wa ngumi yangu ni kama gramu 150, wanga wake gramu 35 hadi 40. Naweza kuula mchana na jioni, na bado sifiki 130 ikiwa chai sikuitia sukari ovyo.

Kilichonisumbua zaidi ni mrenda. Unajua mrenda unavyovutika. Ukichota kwa tonge kubwa ugali unaisha mboga ikiwa imebaki, unaongeza ugali. Sasa mboga inaisha, unaongeza mboga. Mnaendelea hivyo mpaka sufuria ikwanguliwe. Siku moja nikatambua kwamba ugali tunautumia kama kijiko, na kijiko hakina haja ya kuwa kikubwa. Nikaanza kukata tonge dogo kama kifungo cha koti, nalibonyeza kwa kidole gumba lipate shimo, na lile shimo linabeba mboga nyingi kuliko tonge lenyewe. Watoto wangu waliniiga wakidhani ni mchezo. Kwangu, hilo tonge dogo limesaidia kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa.

Je, ugali wa mtama au wimbi hauna wanga?

Unao, karibu sawa na wa mahindi. Una nyuzinyuzi nyingi zaidi na hushibisha upesi, kwa hiyo ni mzuri, lakini kipimo ni ile ile ngumi. Vivyo hivyo nduma. Dada yangu wa Nakuru alikuwa ameacha mkate na kula nduma nne kila asubuhi akiamini kwamba nduma ni dawa. Nduma ni chakula kizuri na ni wanga mtupu. Mukimo nao una viazi na mahindi hata kama rangi yake ni ya kijani, na githeri uangalie kama maharagwe ni mengi au mahindi ndiyo mengi.

Nitakula nini basi? Hii si lishe ya matajiri?

Ukifuata picha za simu, zenye jibini na nyama ya nguruwe ya kukaanga na unga wa lozi, ndiyo, utafilisika. Lakini sisi tuko kando ya ziwa. Omena, wale samaki wadogo wa ziwa, wa kikombe kimoja anatosha watu watatu. Namwosha kwa maji ya moto mara mbili ili mchanga utoke, namkausha kwenye karai bila mafuta mpaka aanze kulia kama majani makavu, ndipo naweka mafuta kidogo, kitunguu, nyanya nyingi, na mwisho maziwa nusu kikombe yachemke naye. Hakuna wanga wa kuhesabu hapo isipokuwa wa nyanya, kitunguu na yale maziwa, na protini ni tele.

Mbuta na ngege wakipanda bei, Obunga kuna mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kuchukua minofu, nayo ina nyama kuliko watu wanavyodhani. Kuna mayai, matumbo, kuku wa kienyeji siku za neema. Kuna mboga ambazo watu wa magharibi tumejaliwa kuliko wengi: osuga, dek, apoth, ododo, kunde, kwa Waluhya tsisaga na mrenda wao, na sukuma wiki wakati mfuko umelegea. Avokado msimu wake ukifika ni karibu bure, na wanga wake mwingi ni nyuzinyuzi zisizogeuka sukari. Jirani zetu Wakalenjin wana mursik, maziwa yao ya kugandisha; maziwa mala yasiyotiwa sukari pia yanafaa.

Pesa ninayotumia sokoni haijaongezeka sana, kwa sababu nimeacha kununua mkate wa kila siku, soda, na mandazi ya saa nne. Andika wiki moja uone hayo matatu yanakula shilingi ngapi. Njugu karanga nazo ni nzuri, ila zihesabu: gramu 100 zina kalori zaidi ya 560, na mkono hauna breki ukiwa unashona.

Maharagwe na ndengu?

Vina wanga, lakini pia vina protini na nyuzinyuzi, na sukari yake huingia mwilini polepole. Mimi navila. Siku ya maharagwe napunguza ugali uwe nusu ngumi.

Na matunda?

Kula tunda zima, usinywe juisi. Papai kipande, pera, tikiti, chungwa moja. Ndizi mbivu ya wastani ina wanga unaokaribia gramu 27, kwa hiyo moja inatosha.

Siwezi kuishi bila chai ya sukari.

Wala mimi sikuweza. Kijiko kimoja cha chai kina sukari gramu 4. Nilikuwa natia vitatu, na kwa siku nilikunywa vikombe vitano, kwa maana kila mteja akikaa kusubiri tunaagiza chai. Zidisha: gramu 60, karibu nusu ya kiasi cha siku nzima, kabla hujaweka kitu kwenye meno. Sikuacha kwa mpigo mmoja. Kila wiki mbili nilipunguza nusu kijiko, na ulimi haukushtuka sana. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nakunywa chai ya maziwa na tangawizi bila sukari, na siku moja niliponyweshwa ya sukari kwenye ugeni nilihisi kama nimelamba asali. Ukipunguza kimoja tu katika ukurasa huu wote, punguza hiki.

Wiki ya kwanza nilipungua kilo tatu. Wiki ya pili hata gramu moja hakuna. Nimekosea wapi?

Hujakosea popote. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, kama gramu 400 au 500 kwa mtu mzima, na kila gramu hukaa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Ukipunguza wanga, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka. Ndiyo sababu unakojoa sana siku za kwanza. Zile kilo tatu nyingi zilikuwa maji. Mafuta hutoka polepole, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na wiki nyingine hayatoki kabisa. Kwa mwanamke, siku zinazotangulia hedhi mizani inaweza kupanda kilo moja au zaidi kwa sababu ya maji tu. Ninasikitika kila nikisikia mtu ameacha wiki ya pili. Ameacha mwanzo kabisa, maji yametoka na mafuta ndiyo kwanza yaanze.

Kichwa kinaniuma na sina nguvu. Ni kawaida?

Kwa siku chache za mwanzo, ndiyo, hasa kama umekata wanga ghafla. Yale maji yanayotoka huondoka na chumvi. Kunywa maji, kunywa supu ya mifupa yenye chumvi kidogo, lala mapema. Lakini mwenye shinikizo la damu asijiongezee chumvi kabla ya kuongea na daktari wake. Choo kikiwa kigumu, ongeza mboga za majani na maji. Ukizidi wiki mbili hivyo, au moyo ukienda mbio, au ukizirai, nenda hospitali.

Nina kisukari au presha na natumia dawa. Naweza kuanza?

Usianze kesho. Nenda kwanza kliniki unakochukulia dawa, uwaambie unataka kupunguza wanga. Anayedunga insulini, au anayemeza vidonge vya aina ya glibenclamide, akipunguza ugali bila dawa kupunguzwa, sukari yake inaweza kushuka mpaka azimie. Dalili zake ni jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa; hapo ndipo sukari au soda inahitajika mara moja, hata kama uko kwenye lishe. Dawa zinazoishia na jina la gliflozin, kama empagliflozin na dapagliflozin, nazo hazipatani na wanga mdogo sana, kwa kuwa zinaweza kuleta asidi hatari kwenye damu. Metformin peke yake kwa kawaida haishushi sukari kupita kiasi. Dawa za presha pia huenda zikahitaji kupunguzwa unapopungua, kwa maana presha yenyewe hushuka. Hayo yote ni ya daktari kuamua, si wewe wala mimi.

Mama yangu tulimpeleka kwanza. Dawa yake ilipunguzwa kabla hatujagusa sahani yake, na kwa wiki tatu alipima sukari asubuhi na jioni, matokeo yakaandikwa kwenye daftari la shule la mwanangu.

Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mwenye ugonjwa wa figo, na yeyote aliyewahi kuugua kwa kujinyima chakula, hii si njia yenu bila mtaalamu.

Watu wanasema nimekonda kwa sababu naumwa. Nifanyeje?

Swali hili naulizwa kwa sauti ya chini, kwa kawaida wakati nimepiga magoti kupima pindo la sketi. Nalijibu kwa kirefu kwa sababu ndilo linalowarudisha watu nyuma kuliko njaa.

Kanda hii ya ziwa ilizika watu wengi sana kwa UKIMWI. Kila boma lina kaburi la wakati ule. Watu walianza kwa kukonda, nguo zikawa zinaning'inia, na kila mtu akajua, hakuna aliyesema. Kwa hiyo mama mzee anapokuona mashavu yameingia hafikirii kiuno cha inchi 36. Anaona wale aliowaosha. Nilipopungua kilo 12, mama alikuja dukani bila kuniambia, akakaa kwenye benchi la wateja mpaka nikabaki peke yangu, akaniambia, "Nyathina," yaani mwanangu, "niambie ukweli, mimi si mtoto." Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nilikuwa nimemficha kwamba napunguza mwili kwa sababu niliogopa atanikataza, na huko kumficha kulimtesa miezi miwili.

Basi waambie watu wako mapema, kabla hawajaona. Wape sababu wanayoielewa. Ukisema unataka kupendeza watakukatalia, lakini useme, "Mama, sukari yako imenitisha, sitaki watoto wangu wanipeleke kliniki kama ninavyokupeleka." Mwonyeshe unachokula, mpikie, ale nawe. Nilimchukua mama tukaenda kupima pamoja, mimi sukari na presha na vipimo vyote, majibu akayasikia kwa masikio yake. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewajibu majirani.

Na kwa haki, kama unapungua na hujabadilisha chochote unachokula, usinyamaze. Nenda upimwe. Kupungua kusikokuwa na sababu ni dalili.

Kuhusu wale wanaosema umekonda kama fimbo, umeharibika sura, mume atakuacha: wengine wanasema kwa upendo na wengine wana yao. Huna haja ya kuwatenganisha. Sema "asante, niko salama" na uendelee kupiga pasi.

Matanga, harusi, na nikienda ukweni?

Kwetu Jumamosi nyingi ni za mazishi, kwa hiyo hili si jambo la mara moja kwa mwaka. Matangani utapewa wali, ugali, nyama, na chai na mkate usiku kucha. Mimi hujiunga na wanaopakua. Anayepakua hujipakulia mwenyewe: nyama, supu, kabichi, ugali kidogo. Hakuna anayekagua sahani ya mpishi. Ukikaa kwenye kiti utaletewa mlima, na kuurudisha ni kumwaibisha mwenye msiba.

Ukweni kula. Mama mkwe akichinja kuku kwa ajili yako, na ugali umefunikwa kwenye bakuli, kula alichokupa, sifu mkono wake, na jioni tembea. Mlo mmoja haujawahi kumnenepesha mtu. Kinachonenepesha ni kusema "nimeshaharibu" halafu kula hivyo mpaka mwisho wa mwezi.

Familia yangu haitaki chakula changu.

Usipike sufuria mbili. Nilijaribu wiki tatu, nikachoka, na mume wangu akawa anaona kama tuko nyumba mbili. Sasa napika samaki mmoja, mboga moja na ugali mmoja, mboga ikiwa nyingi kuliko zamani. Kila mtu anajikatia ugali wake. Yeye anaendesha lori na watoto wanakua, wanauhitaji zaidi yangu. Tofauti yetu iko kwenye sahani, si kwenye jiko, na bado tunakula mezani pamoja. Lishe inayokufanya ule peke yako jikoni sijaiona ikimfikisha mtu mwezi wa sita.

Nilianza vizuri, lakini mwezi wa tatu moyo umekufa.

Wangu ulikufa mwezi wa tano. Mizani ilisimama kwenye kilo 86 wiki saba. Nilikuwa nalia nikishona.

Kuna sababu ya kusimama, na kuijua kunasaidia. Mwili mdogo hutumia nguvu kidogo kuliko mwili mkubwa, kwa hiyo chakula kilichokupunguza ukiwa na kilo 98 huenda ndicho kinachokushikilia kwenye 86. Tena vipimo hulegea bila kujua: ngumi inakuwa ngumi na nusu, njugu za kuonja zinakuwa kikombe. Nilirudi kupima kwa mizani ya jirani kwa siku nne na nikakuta ngumi yangu ya ugali imefika gramu 240.

Lakini kilichonibeba kilikuwa utepe. Tangu mwanzo, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi nilikuwa nakata utepe wa rangi kutoka kwenye mabaki ya vitambaa, nauzungusha kiunoni, naukata pale ncha zinapokutana, kisha nautundika kwenye msumari ukutani juu ya cherehani. Ule wa kwanza ulikuwa wa bluu, inchi 44. Mwezi wa tano nilipokuwa naikasirikia mizani, niliinua macho nikaona zile tepe zikishuka kama ngazi, bluu, nyekundu, njano, na ule wa mwezi huo ulikuwa mfupi kuliko uliotangulia kwa nusu inchi. Mizani ilikuwa imesimama, kiuno hakikusimama. Pima kiuno. Pima katikati ya mbavu ya mwisho na juu ya mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi, tepu isibane. Kwa mwanamke hatari ya kisukari na moyo huanza kupanda kiuno kikizidi sentimita 80, kwa mwanamume 94. Mimi bado sijafika huko, lakini hata kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito husaidia sukari na presha, nami nilikuwa nimeshavuka hapo.

Jambo la pili ni watu. Sisi tuko wanawake saba. Saa kumi na mbili kasorobo tunakutana barabarani Kibuye, tunakwenda hadi Kondele na kurudi kabla jua la Kisumu halijawa kali. Kuna asubuhi ambazo singetoka kitandani kwa ajili ya kiuno changu, lakini nilijua yule wa kwanza kufika atakuwa amesimama gizani peke yake akinisubiri.

Mazoezi bila kubadilisha chakula?

Yatakupa moyo mzuri, usingizi na misuli, na hayo yana thamani kubwa. Uzito yatapunguza kidogo sana. Anza na sahani.

Pombe je?

Bia na busaa vina wanga, busaa yenyewe hutokana na unga. Pombe kali haina wanga, lakini kila gramu ya kilevi ina kalori 7, na baada ya glasi mbili chipsi hazikwepeki. Mwenye dawa za kisukari ajihadhari zaidi, maana pombe nayo hushusha sukari.

Kuna chai na vidonge vya kupunguza tumbo, vinasaidia?

Nilinunua kabla ya haya yote, kwa mwanamke aliyepita dukani na mkoba. Chai ile ilikuwa ya kuharisha tu. Nilipungua kilo mbili za maji, nikakosa kazi siku tatu, na kilo zote zikarudi. Pesa hizo zingenunua omena wa mwezi mzima. Tafadhali usinunue.

Nguo zangu zimekuwa kubwa. Nizibane sasa?

Hapa nipo kwenye kazi yangu. Usibane kila baada ya kilo tatu, utamaliza kitambaa na pesa. Bana mbili tu, moja ya kazi na moja ya kanisani, ujione ulivyo sasa. Nguo inayoning'inia inakuambia kila siku kwamba bado uko pale pale. Zingine zisubiri mpaka kiuno kikae bila kubadilika kwa wiki nane. Ukimpelekea fundi, mwambie asikate kitambaa kinachobaki ndani, akilaze tu na kukishona, inchi moja kila upande. Gauni za kitenge zilizopindwa vizuri zinabanika hadi inchi nne kiunoni bila mfuko kupotea mahali pake. Zikizidi hapo, zifumue, na kitambaa kinatosha kumshonea binti yako sketi.